Shule ndogo ya Kikatoliki hapa Moshi: kabla ya kuongeza masomo, tuhesabu kwanza vipindi na walimu

Mzazi wa Rau

Habari za majukumu, wanajukwaa. Mimi ni mzazi na pia ni mjumbe wa bodi katika shule ndogo ya parokia iliyopo upande huu wa Moshi. Ina darasa la kwanza hadi la saba na kidato cha kwanza hadi cha nne ndani ya uzio mmoja, na kila darasa lina mkondo mmoja tu, yaani chumba kimoja cha wanafunzi. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa ninayoyaeleza naamini yanazigusa shule nyingi za aina yake kuanzia Kilema hadi Kibosho, na pengine hata za wenzetu wa Arusha.

Kikao kijacho cha bodi kitaombwa kupitisha mapendekezo ya masomo. Karatasi iliyosambazwa inapendekeza kwamba Kompyuta iwe somo la lazima kuanzia kidato cha kwanza, Kifaransa kianze darasa la tano, mkondo wa amali, yaani elimu ya ufundi na kazi za mikono, ufunguliwe kwa fani ya kilimo au ushonaji, na Fizikia, Kemia na Baiolojia ziendelee kusomwa na kila mwanafunzi hadi kidato cha nne. Ni karatasi inayovutia, na sina shaka kwamba ikiwekwa kwenye bango la njia ya kwenda Uru itawaleta wazazi. Nilichokikosa ndani yake ni ukurasa unaoonyesha nani atafundisha hayo yote, na saa ngapi.

Hoja yangu ni kwamba shule yenye mkondo mmoja ianze na hesabu ya vipindi, ndipo iandike orodha ya masomo. Hesabu yenyewe si ngumu. Upande wa sekondari tuna vipindi vinane vya dakika 40 kwa siku, yaani 40 kwa wiki kwa kila kidato, na 160 kwa vidato vinne. Walimu ni saba ukimhesabu mkuu wa shule, ambaye kwa majukumu yake hawezi kubeba zaidi ya vipindi kumi. Vinavyobaki ni 150 kwa walimu sita, sawa na vipindi 25 kwa kila mmoja, bila kuhesabu kusahihisha madaftari, kusimamia bweni na kuandaa maabara. Kwa hiyo Kompyuta ikipewa vipindi vitatu kwa kila kidato inaleta vipindi 12, ambavyo ni nusu ya mwalimu, na nusu ya mwalimu haiajiriki. Vitamwangukia mwalimu wa Fizikia, ambaye tayari ana 16 na sasa atakuwa na 28. Tena vipindi hivyo vitatu lazima vitoke mahali, kwa sababu ratiba ya kila kidato imejaa hadi kipindi cha mwisho cha Ijumaa.

Niliisoma ratiba hiyo ukutani katika ofisi ya walimu. Kidato cha kwanza wana kipindi cha maktaba siku ya Jumatano, saa tano na dakika ishirini asubuhi. Nilipouliza nani anawafungulia, nikaambiwa ufunguo anao mwalimu wa Kemia, na ukifuata safu yake kwa kidole unakuta saa hiyohiyo yuko kidato cha tatu. Kwenye maandishi, watoto wetu wanasoma vitabu kila wiki.

Jambo la pili, ambalo karatasi haikuligusa kabisa, ni mwaka 2027. Mtaala mpya, ambao elimu yake ya msingi inaishia darasa la sita, ulianza mwaka 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Watoto waliokuwa darasa la tatu mwaka huo watamaliza darasa la sita mwaka 2027, na waliokuwa darasa la nne, wanaofuata mtaala wa zamani, watamaliza darasa la saba mwaka huohuo. Januari 2028 makundi yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Shule yenye mikondo sita inaweza kujibana. Sisi wenye mkondo mmoja tutajikuta na kidato cha kwanza mara mbili.

Naomba maoni, hasa kutoka kwa walimu na wajumbe wa bodi nyingine. Naomba kuwasilisha.

Mbuni wa Kibosho

Mleta mada, hoja yako ya walimu naielewa, lakini unataka kuwapunguzia watoto nafasi. Umesahau jinsi daraja la kidato cha nne linavyopatikana. Yanachukuliwa masomo saba aliyofanya vizuri zaidi. A ni pointi moja, B mbili, C tatu, D nne, F tano. Daraja la kwanza ni pointi 7 hadi 17. Sasa mchukue mtoto aliyefanya masomo kumi akapata B tano na C tano. Saba bora ni B tano na C mbili, jumla pointi 16, daraja la kwanza. Mwenzake aliyefanya masomo saba tu akapata B tatu na C nne ana pointi 18, daraja la pili. Masomo ya ziada ni akiba. Mzazi anayelipa ada kwa kuuza ndizi na maziwa ana haki ya kutaka akiba hiyo.

Mwalimu wa Taaluma

Ndugu Mbuni, hesabu yako ni sahihi, nami huwa naifanya na wanafunzi wangu wa kidato cha tatu wanapochagua masomo. Hata hivyo, umeanza na mtoto mwenye B tano. Katika shule ya mkondo mmoja ambako mwalimu mmoja anabeba vipindi 28, masomo kumi mara nyingi huzaa C nne na D sita. Saba bora ni C nne na D tatu, pointi 24, daraja la tatu. Akiba inayohesabiwa kwa D haimsaidii anayetaka kwenda kidato cha tano, kwa kuwa huko tahasusi, yaani mchepuo wa masomo, inaangalia alama za masomo matatu mahususi. Mimi ningependa masomo manane, yaani saba na moja la akiba, yenye mwalimu kamili kwa kila moja.

Nimekuwa mwalimu wa taaluma katika shule mbili za Kanisa mkoani hapa, na naomba niongeze jambo ambalo bodi huwa hazilioni. Mwalimu wa sekondari husomea masomo mawili ya kufundishia. Ukimwajiri wa Kemia na Baiolojia, umeziba nafasi mbili kwa mshahara mmoja, ila siku akiugua au akipata ajira ya serikali katikati ya muhula, na hili la pili hutokea kila serikali inapotangaza nafasi, masomo mawili yanakufa kwa pamoja. Shule kubwa ina mwalimu mwingine wa kushika kipindi. Sisi tunasubiri wanafunzi wa ualimu kutoka Chuo Kikuu Katoliki Mwenge waje kwenye mazoezi ya kufundisha. Wanafanya kazi nzuri kweli, wengine wanatushinda sisi wa zamani kwa zana, lakini baada ya majuma machache wanarudi chuoni na darasa linabaki na mada nusu.

Vilevile mtaala mpya una masomo yaliyoingia kwa lazima, likiwemo Historia ya Tanzania na Maadili, linalofundishwa kwa Kiswahili, na Elimu ya Biashara. Haya hatuyapigii kura, ni lazima yapate mwalimu. Bodi ianze na haya, iyafungie vipindi vyake, kisha itazame kilichobaki. Ikibaki nafasi ya Kompyuta, sawa. Nafasi ikikosekana, jioni moja kwa wiki ya klabu ya kompyuta itamfaa mtoto kuliko somo la mtihani lisilo na mwalimu.

Mama wa Pasua

Naomba kuuliza, na naomba nisieleweke vibaya. Sisi ni Walutheri, na mwanangu yuko kidato cha pili katika shule ya Kikatoliki kwa sababu ya nidhamu na ukaribu na nyumbani. Mnapozungumzia kubana ratiba, kipindi cha dini kinakaa wapi? Mwaka jana niliona daftari lake la dini lina kurasa nne tu zilizoandikwa mwaka mzima. Nilipomuuliza akasema saa hiyo huwa wanafanya marudio ya Hisabati kwa ajili ya upimaji wa kidato cha pili. Kama dini haifundishwi, basi wangeiondoa waziwazi. Na kama inafundishwa, ningependa kujua mtoto asiye Mkatoliki anatarajiwa afanye nini.

Katekista

Dada yangu, maswali yako yote mawili ni ya haki na nitayajibu moja moja.

Kuhusu mtoto asiye Mkatoliki: Katiba ya nchi, ibara ya 19, inalinda uhuru wa imani, na shule ya Kanisa inaishi chini ya Katiba hiyohiyo. Desturi ninayoifahamu ni kwamba wanafunzi wote hukaa katika kipindi cha maadili na Maandiko, na mzazi asiyetaka mwanawe ahudhurie ibada humwandikia mkuu wa shule. Komunyo na Kipaimara ni vya Wakatoliki, na maandalizi yake hufanyika nje ya ratiba ya masomo. Nenda ukaulize, utajibiwa, na kama hukujibiwa mwone paroko.

Kuhusu kipindi kinachomezwa na Hisabati: hapo umegusa kidonda. Nimefundisha dini shuleni kwa muda mrefu, na kila ifikapo Septemba mwalimu wa somo la mtihani huja mlangoni kwa unyenyekevu mkubwa na kuomba kipindi. Ukikataa, unaonekana hupendi watoto wafaulu. Wanaoona kwamba dini na taaluma vinashindana katika shule ya Kikatoliki ningewaomba waisome kanuni ya 806 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983. Aya yake ya pili inawataka viongozi wa shule za Kikatoliki, chini ya uangalizi wa askofu wa mahali, wahakikishe kwamba elimu inayotolewa haipungui kwa ubora wa kitaaluma ile ya shule nyingine za eneo hilo. Kufundisha Fizikia vizuri ni agizo la Kanisa pia. Kwa hiyo namuunga mkono mleta mada kwa sababu tofauti na zake: orodha ikipunguzwa, mwalimu wa Hisabati hatakuwa na haja ya kuja mlangoni kwangu.

Mstaafu wa Uru

Wanangu, ninayoyasema anayaandika mjukuu wangu, hivyo makosa ya tahajia mwulizeni yeye.

Mabishano haya ya masomo mangapi na shamba kiasi gani tuliyakuta katika shule ya kati, ile tuliyokuwa tukiiita middle school. Mtoto alisoma darasa la kwanza hadi la nne kijijini, akafanya mtihani, na wachache waliopita wakaenda darasa la tano hadi la nane. Za misheni zilikuwa hivyohivyo. Serikali ya mkoloni ilitaka shule zile ziegemee kilimo, basi tulikuwa na shamba, tulikuwa na zamu ya mifugo, na mazao yalikuwa sehemu ya chakula chetu. Baba yangu, mwanachama wa KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, hakupendezwa hata kidogo. Alikuwa akisema kahawa anaweza kunifundisha mwenyewe nyuma ya nyumba. Alichokuwa akimlipa padri ni Kiingereza na hesabu. Wazazi wengi wa huku mlimani walisema hivyohivyo.

Nakumbuka hayo kwa sababu ya mkondo wa amali anaoutaja mleta mada. Sisi tulikuwa na mwalimu mmoja aliyejua kilimo kwa elimu. Alitupima kwa kamba, akatufundisha kuchimba makingamaji kwa mwinuko sahihi, akatufanya tuandike katika daftari tarehe ya kupanda, mbolea na mavuno, kisha tukalinganisha tuta kwa tuta. Alipohamishwa alikuja mwingine ambaye shamba kwake lilikuwa adhabu ya waliochelewa. Shamba ni lilelile na majembe ni yaleyale. Kwa hiyo kabla hamjafungua fani ya kilimo, mtafuteni kwanza huyo mwalimu, tena mwone kama mnaweza kumlipa.

Wengine mtasema ilikuwa zamani. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere akaleta Elimu ya Kujitegemea na shamba likarudi kwa nguvu mpya. Sheria ya mwaka 1969 ikazitwaa shule za misheni, seminari zikabaki mikononi mwa Kanisa. Waliopitia seminari miaka ile watawaambia kwamba masomo hayakuwa mengi, ila kulikuwa na saa ya kimya ya kujisomea kila jioni na hakuna aliyethubutu kuigusa.

Mbuni wa Kibosho

Shikamoo, Mzee wangu. Hapo kwenye mwalimu wa kilimo umenigusa, nami sitabishana tena kuhusu amali. Lakini kwenye sayansi bado nasimama. Msije mkamchagulia mtoto wa miaka 14 kwamba hatasoma Fizikia kwa sababu shule ina walimu saba. Huyo mtoto akitaka kuwa mhandisi, mlango mmeufunga nyinyi.

Mwalimu wa Taaluma

Nakubaliana nawe kwa kidato cha kwanza na cha pili. Hapo kila mtoto asome sayansi zote tatu, kwa sababu bado hatumjui na yeye hajijui. Kuanzia kidato cha tatu, aliyepata F ya Fizikia katika upimaji wa kidato cha pili na asiyeipenda asilazimishwe kukaa nayo miaka miwili mingine. Vipindi vile vinne apewe Kiingereza na kujisomea. Mwenye nia ya uhandisi atabaki, na atabaki katika darasa dogo ambalo kila mmoja anagusa kifaa cha maabara kwa mkono wake badala ya kumtazama mwenzake kwa mbali.

Nirudi kwa mwaka 2028, kwa sababu naona wengi wameupita na ndio utakaotuumiza. Mkiwa na mikondo miwili ya kidato cha kwanza, Hisabati peke yake, kwa vipindi sita kila darasa, inapanda kutoka 24 hadi 30 kwa wiki. Jumla ya vipindi vya sekondari inakuwa 200. Ukimwondolea mkuu wa shule kumi vyake, 190 kwa kiwango cha 25 vinahitaji walimu wanane, na mleta mada anao sita. Wala haliishi mwaka mmoja: kundi hilo la mikondo miwili litakuwa kidato cha pili mwaka 2029, cha tatu 2030, na cha nne 2031. Maana yake ni walimu wawili wa ziada kwa miaka minne, na baada ya hapo shule inarudi kwenye mkondo mmoja. Kwa hiyo watafuteni kwa mkataba wa muda unaojulikana, na muwaambie ukweli tangu siku ya usaili.

Chumba ni rahisi zaidi. Mwaka huohuo wa 2028 upande wa msingi hautakuwa na darasa la saba, hivyo chumba kimoja kitakuwa wazi ndani ya uzio wenu. Hamisheni madawati, kwa sababu ya darasa la saba ni mafupi kidogo kwa vijana wa sekondari, na kazi imekwisha.

Kigumu ni watoto wenyewe. Waliomaliza darasa la saba wamesoma Maarifa ya Jamii, Uraia na Maadili, Sayansi na Teknolojia. Waliomaliza la sita wametoka na Historia ya Tanzania na Maadili, Jiografia na Mazingira, na wana mwaka mmoja pungufu wa umri. Nashauri muwachanganye katika mikondo yote miwili tangu siku ya kwanza. Mkiwatenga, mkondo mmoja utaitwa wa wakubwa na mwingine wa watoto, na jina hilo litawafuata hadi kidato cha nne.

Mama wa Pasua

Mwalimu, kwenye kuwachanganya sina uhakika. Mdogo wake na mwanangu ndiye atakayemaliza darasa la sita mwaka huo. Akiwekwa dawati moja na aliyemzidi mwaka mzima wa kusoma Kiingereza, si atakaa kimya tu?

Mwalimu wa Taaluma

Atakaa kimya wiki za mwanzo, dada, na wala sitakuficha hilo. Ndiyo maana kozi ya utangulizi ya Kiingereza isifanywe kwa mazoea kama tunavyoifanya sasa, ambapo darasa zima linasomewa kifungu kimoja. Walimu wa darasa la saba watakaobaki bila darasa mwaka huo, hata kama hawana sifa ya kufundisha sekondari, wanawajua watoto hawa kwa majina na wanajua kila mmoja anasoma kwa kiwango gani. Wapewe majuma hayo ya utangulizi, wawagawe watoto katika vikundi vidogo kwa uwezo wa kusoma bila kujali walitoka darasa gani. Na maktaba ifunguliwe kweli.

Mzazi wa Rau

Nawashukuru wote. Nimeyaandika upya mapendekezo yangu kufuatana na michango yenu na nitayawasilisha hivi. Masomo ya lazima ya mtaala mpya yafungiwe vipindi kwanza. Sayansi zote tatu zibaki kwa kidato cha kwanza na cha pili, na uchaguzi uanze kidato cha tatu kwa ushauri wa mwalimu na idhini ya mzazi, ili Ndugu Mbuni asituhesabu kuwa tumefunga mlango. Kompyuta iwe klabu ya jioni. Kifaransa kisubiri. Amali isifunguliwe mpaka apatikane mwalimu wa fani na karakana au shamba lenye mpango wa maandishi. Vipindi viwili vya dini visiombwe na mwalimu yeyote, hata Septemba.

Kwa mwaka 2028 nitaomba bodi itenge fedha za walimu wawili wa mkataba kuanzia bajeti ya 2027, kwa sababu tukisubiri Januari shule zote za mlimani zitakuwa zinawatafuta walimu walewale wa Hisabati na Fizikia. Nitaomba pia ufunguo wa maktaba ukae kwa mhasibu, ambaye ofisi yake ipo mlango wa pili na yupo siku nzima.

Mwalimu, nina ombi moja. Ile ratiba ya vidato vinne yenye mikondo mitano, kama unayo mfano wake, nitumie kabla ya kikao. Wajumbe wetu wengi ni wafanyabiashara wa Soko la Kati. Wakiona hesabu kwenye karatasi wataelewa haraka kuliko nikizungumza.

Mwalimu wa Taaluma

Ninayo niliyoichora kwa penseli. Nitaisafisha wikiendi hii nikutumie kwenye ujumbe binafsi. Angalia safu ya Hisabati siku ya Alhamisi, kuna mgongano wa vipindi viwili ambao sijaupatia dawa bila mwalimu wa pili.